Wakuu, anayeiba utambulisho wa mwanachuo ni mtu anayelala naye chumba kimoja. Tubishane

Kitasa Kibovu #1

Wakuu salama.

Kila mwaka wa masomo ukianza tunasomewa risala ile ile: msibofye viungo msivyovijua, wadukuzi wapo, badilisheni nywila. Mimi naona risala hiyo inamtazama mwizi wa mbali na kumwacha wa karibu afanye kazi yake kwa nafasi. Dai langu ni hili: mwanachuo akiibiwa utambulisho, mara nyingi aliyeiba anajua hadi mfuko wa begi kinapokaa kitambulisho chake. Rumeti, mpenzi, mwenzake wa kikundi cha kazi, aliyemsaidia kujaza fomu.

Hebu pigeni hesabu. Anayetaka kujifanya wewe anahitaji jina kamili kama lilivyo kwenye cheti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, namba ya usajili wa chuo, na simu yako iwe mkononi mwake dakika mbili ili asome meseji ya uhakiki. Aliye mbali atavikusanya kimoja kimoja kwa jasho. Anayelala kitanda cha pili anavyo vyote na wewe bado unakoroma.

Jamaa mmoja hosteli tuliyokaa alianza kupigiwa simu za kudaiwa mkopo wa mtandaoni asioujua. Akalaani wadukuzi wee. Siku moja tukafungua mipangilio ya simu yake, sehemu ya usalama, tukakuta Kidole 1, Kidole 2. Yeye alisajili kimoja tu. Cha pili kiliingia siku aliyoiazima simu na kutaja PIN kwa mdomo, "fungua tu, ni mwaka wangu wa kuzaliwa". Programu ya benki yake inafunguka kwa kidole chochote ambacho simu inakitambua. Mliobaki malizieni.

Karibuni kupinga.

---

Tumbiri #2

Nimekaa pale. Mkuu na wewe ulikuwa kitanda cha ngapi kwenye hicho chumba? Naulizia rafiki.

---

Njiwa Manga #3

Kitasa, hapana. Unamsingizia rumeti wa watu wakati chuo chenyewe kimeshamwaga kila kitu.

Chukua jina la mwanachuo yeyote, liandike kwenye mtandao wa kutafutia ukiliweka ndani ya alama za nukuu. Utapata orodha ya waliochaguliwa, orodha ya waliopangiwa vyumba, orodha ya matokeo, zote PDF, zote wazi. Jina lote, jinsia, shule aliyotoka, namba ya mtihani, wakati mwingine mpaka tarehe ya kuzaliwa. Na hizo orodha hazifi. Mtu kamaliza chuo, kaoa, ana watoto, orodha yake bado inasomeka.

Marekani wameliweka hili kisheria kabisa. FERPA ya 1974 ndiyo inayolinda kumbukumbu za mwanafunzi, lakini ndani yake kuna kitu wanakiita taarifa za saraka: jina, anwani, simu, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Chuo kinaruhusiwa kuvitoa hivyo bila kukuuliza, labda wewe mwenyewe uwe umeandika kukataa. Wangapi wanaandika?

Na usidhani tarehe ya kuzaliwa ni kitu kidogo. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alionyesha kwamba jinsia, tarehe ya kuzaliwa na namba ya eneo la posta vinatosha kumtenga mtu mmoja mmoja kwa asilimia 87 ya Wamarekani wote. Bila jina!

---

Mzee wa Rejista #4

Njiwa Manga dada yangu, hiyo 87 inapendwa sana lakini ina mjadala. Philippe Golle alirudia hesabu mwaka 2006 kwa kutumia sensa ya 2000, akapata kama asilimia 63. Bado ni nyingi, ila tusiiimbe 87 kama wimbo wa taifa.

Cha Sweeney kinachonivutia zaidi ni cha 1997, akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani. Jimbo la Massachusetts lilitoa kumbukumbu za hospitali za watumishi wake, majina yamefutwa, wakasema ziko salama. Mwanafunzi huyu akanunua daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge kwa dola 20, akalinganisha safu kwa safu, akaipata kumbukumbu ya matibabu ya gavana mwenyewe, William Weld.

Kuhusu vyuo kumwaga taarifa: nimefanya kazi ofisi ya usajili miaka mingi kabla ya kustaafu. Orodha zinabandikwa kwa sababu zisipobandikwa mlango wangu unavunjwa na wazazi na wanafunzi wanaouliza "jina langu lipo?" Kosa lipo kwenye kubandika zaidi ya kinachohitajika. Namba ya usajili peke yake inatosha, mwenye nayo atajijua. Lakini anayetengeneza orodha anafungua jedwali lote, anabonyeza kuchapisha, anakwenda zake nyumbani. Uvivu huo. Hakuna njama.

---

Dogo Mwaka wa Kwanza #5

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza, samahani kama natoka nje ya mada. Kuna fomu ya ufadhili wa masomo ilitumwa kwenye kundi letu. Nikajaza. Wakaomba picha ya kitambulisho mbele na nyuma, halafu picha yangu nimekishika karibu na uso. Nikatuma. Sasa yule aliyetuma kiungo katoka kwenye kundi. Nina hatari gani?

---

Tumbiri #6

Dogo hujatoka nje ya mada, wewe ndiyo mada.

---

Bi Mkubwa wa Kaunta #7

Marahaba mwanangu. Watakujibu wanaojua, mimi nieleze upande wangu maana nyote mnaruka steshenari.

Nina steshenari karibu na chuo, ya kuprinti, fotokopi na skani. Mwanafunzi anakuja mbio, dirisha la maombi linafungwa usiku huo. Anatoa simu, ananitumia vyeti kwa WhatsApp ya dukani. Au anafungua WhatsApp yake kwenye kompyuta yangu, anachapisha, analipa, anaondoka. Hajatoka! Nikifungua kesho yake meseji zake zinaendelea kuingia, na za mama yake zimo. Mimi nimejiwekea utaratibu: kila jioni naondoa akaunti zote na kufuta kilichopakuliwa. Kijana niliyemuajiri kabla sijaweka utaratibu huo alikuwa anahifadhi kila kitu kwenye folda moja juu ya uso wa kompyuta, jina lake SCAN. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, picha ndogo zenye mandharinyuma ya bluu, barua za udahili. Mtu yeyote mwenye flashi angeondoka na darasa zima.

Na flashi zenyewe, hee. Mnazisahau kama miavuli. Ukiichomeka kuona ni ya nani, faili la kwanza linaitwa PASIWEDI ZANGU.

Wakishachapisha, nakala iliyoharibika wanaiacha juu ya mashine. Wanabeba nzuri.

---

Kalamu Nyeusi #8

Bi Mkubwa kaongea. Niongeze: hata mashine yenyewe inakumbuka. Mashine nyingi kubwa za fotokopi za kidijitali zina diski ndani, na usipoiweka mipangilio ya kufuta, picha za nyaraka zinabaki humo.

---

Tumbiri #9

Fotokopi ina kumbukumbu? Acha chai mkuu, kesho utasema na stepula inasikiliza.

---

Kalamu Nyeusi #10

Chai ipi. Mwaka 2010 televisheni ya CBS ya Marekani ilinunua mashine za mtumba, ikatoa diski, ikakuta nyaraka za polisi na za wagonjwa. Za wagonjwa zilikuwa za kampuni ya bima ya afya ya Affinity Health Plan, iliyokuwa imekodi mashine na kuirudisha bila kufuta. 2013 wakalipa zaidi ya dola milioni 1.2 kumalizana na serikali. Kunywa chai hiyo.

Jambo la maana kwa mwanachuo: kila nakala ya kitambulisho unayotoa, iandike juu yake. Mistari miwili ya mshazari inayokatiza kwenye picha na maandishi, "Nakala kwa maombi ya hosteli tu" na tarehe. Isiandikwe pembeni ambako mtu ataikata. Serikali ya Uholanzi ina mpaka programu ya simu ya kazi hiyo, KopieID: unapiga picha ya kitambulisho, unaziba namba, unaandika sababu juu yake. Huna programu? Kihariri picha cha simu kinatosha.

---

Seva Imelala #11

Mnazunguka mbali. Mzizi ni nywila moja kutumika kila mahali. Mwanachuo ana nywila ile ile kwa barua pepe ya chuo, mtandao wa kijamii, tovuti ya kushusha vitabu, na mchezo wa simu. Tovuti ya mchezo ikivunjwa, wezi wanachukua jozi za barua pepe na nywila, wanazijaribisha kwa mashine kwenye tovuti nyingine mamia. Hakuna anayekulenga wewe, wala hajui kama una rumeti.

Na tabia hii ya wanafunzi na nywila ni ya kale. MIT miaka ya 60, kompyuta ya kwanza kutumia nywila, mwanafunzi mmoja alifanya ujanja faili la nywila zote likawa linajitokeza kwa kila anayeingia.

Ingieni Have I Been Pwned, tovuti ya Troy Hunt ipo tangu 2013, wekeni barua pepe zenu muone zimevuja mara ngapi. Halafu mje mnitukane.

---

Mzee wa Rejista #12

Seva, umeunganisha visa viwili. Mwanafunzi alikuwa Allan Scherr, 1962, akifanya uzamivu. Mfumo wa CTSS, wa wengi kutumia kompyuta moja, ulimpa saa 4 kwa wiki na hazikumtosha, akaomba kwa kadi ya matundu faili la nywila lichapishwe, akalikuta kwenye kabati la machapisho na kutumia muda wa wenzake. Kile cha nywila kujitokeza kwa kila anayeingia ni cha 1966, na hakikuwa ujanja wa mtu: hitilafu ya programu ilibadilishana faili la nywila na lile la salamu ya siku.

---

Seva Imelala #13

Sawa mzee, nimesahihishwa. Hoja yangu inabaki pale pale.

---

Kitasa Kibovu #14

Hoja yako imekufa, Scherr aliwaibia wenzake wa chuo! Mtu wa ndani! Ahsante Mzee kwa kunisaidia bila kukusudia.

---

Wakili wa Kijiweni #15

Nimesoma juu mpaka chini. Wote mnaongea kana kwamba mwanachuo anaibiwa. Wengine hawaibiwi, wanakodisha.

Anakuja mtu mzuri wa maneno: "Una akaunti ya benki? Huitumii? Nipe kadi na PIN wiki mbili, nitakupa chako." Au: "Nisajilie laini mbili kwa jina lako, kitambulisho changu kimepotea." Kijana hana hela, anaona haibi kitu cha mtu. Fedha ya utapeli inapita kwenye akaunti yake, inatoka, na jina pekee linalobaki kwenye karatasi ni lake. Uingereza shirika la kupambana na utapeli, Cifas, limekuwa likiwaonya wanafunzi juu ya jambo hili hasa, na kule kosa la kutakatisha fedha linaweza kufika kifungo cha miaka 14. Akaunti inafungwa, na kufungua nyingine inakuwa kazi.

Ukifika kwa mpelelezi na kusema "niliibiwa utambulisho", swali la kwanza ni moja: ulitoa taarifa lini? Hapo wengi wanaanza kukohoa.

---

Njiwa Manga #16

Wakili unawahukumu watoto. Anayekodisha akaunti kwa shida ametegwa kama tu yule aliyejaza fomu. Na hao watu hawaji mtaani, wanatangaza "kazi ya muda kwa wanafunzi, malipo kila siku". Kazi yenyewe: pokea fedha, toa chako, tuma mbele.

---

Wakili wa Kijiweni #17

Sijahukumu. Nasema tu mahakamani maneno "nilitegwa" yanahitaji miguu. Hifadhi tangazo, hifadhi mazungumzo, usifute kwa aibu. Kufuta ndiko kunakowaua.

---

Kitasa Kibovu #18

Turudi kwenye mtu wa karibu. Mnakumbuka barua pepe ya Sarah Palin, 2008, akigombea umakamu wa rais Marekani? Aliyeingia ni mwanachuo wa Tennessee. Hakudukua chochote. Alibonyeza "nimesahau nywila", akaulizwa tarehe ya kuzaliwa, namba ya posta na mahali Palin alipokutana na mumewe, akajibu. Maswali ya namna hiyo anayajua nani wa kwako? Jina la shule ya msingi, jina la mnyama wa kwanza, mtaa uliokulia. Rafiki zako!

---

Seva Imelala #19

Kitasa, huo ushahidi unakugeukia. Yule kijana hakuwa rafiki wa Palin wala hakuwahi kukutana naye. Majibu aliyatafuta mtandaoni tu. Akafungwa mwaka mmoja na siku moja, 2010. Hiyo ni hoja ya Njiwa, taarifa ziko wazi kwa kila mtu.

Dawa yake ndogo: maswali hayo yajibuni uongo. Mtaa ulikokulia, jibu "bisibisi arobaini". Mfumo haujali ukweli, unajali ulichokiandika mwanzo. Tunza jibu kwenye programu ya kuhifadhi nywila.

Na hiyo risala ya kubadilisha nywila kila baada ya miezi mitatu achaneni nayo. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliandika tangu 2017 kwamba watumiaji wasilazimishwe kubadilisha kwa kalenda, ila pale inapoonekana imevuja. Watu wakilazimishwa wanaongeza namba 1 mwishoni, kisha 2, kisha 3.

---

Tumbiri #20

Seva umeijuaje yangu?

---

Laini Moja #21

Mmechelewa kufika penyewe: laini ya simu. Leo laini ndiyo wewe. Barua pepe inarudishwa kwa laini, benki inathibitisha kwa laini, na chuo chenyewe kinatuma namba ya kuingilia kwenye laini. Mwizi akifanikiwa kuihamishia laini yako kwenye kadi yake, hahitaji kingine. Agosti 2019 ilimkuta Jack Dorsey, akiwa bosi wa Twitter, akaunti yake ikaandika matusi Twitter hiyo hiyo. Kama yeye hakupona, mwanachuo je?

Dalili yake: mtandao unapotea ghafla mahali ambapo wenzako wote wanao, na hata ukizima na kuwasha haurudi. Usingoje asubuhi. Azima simu, pigia mtoa huduma.

Vitu viwili ambavyo kila mtu ana uwezo navyo leo. Kwanza weka PIN ya kadi ya simu, siyo ya simu tu. Mtu akichomoa kadi na kuiweka kwenye simu yake ataombwa hiyo PIN, na bila PIN ya kadi simu yako kufungwa kwa kidole ni bure. Iandike mahali, maana ukikosea mara tatu inakudai namba nyingine, ile PUK. Pili ficha maandishi ya meseji wakati skrini imefungwa. Kitasa hapa utafurahi: rumeti hahitaji hata kufungua simu, meseji ya uhakiki inajianika yenyewe juu ya kioo.

---

Kitasa Kibovu #22

Laini Moja, nakuteua kuwa msemaji wangu.

---

Seva Imelala #23

Bora kuliko meseji ni programu inayotoa namba za uhakiki ndani ya simu, haipiti kwa mtandao wa simu. Bora zaidi ufunguo wa kuchomeka, kifaa kidogo cha kuthibitisha kwamba ni wewe. Google walisema 2018 kwamba tangu wawalazimishe wafanyakazi wao zaidi ya 85,000 kuutumia, hakuna aliyethibitika kunaswa. Ufunguo huo unagoma kufanya kazi kwenye tovuti ya bandia hata wewe mwenyewe ukidanganyika.

---

Bi Mkubwa wa Kaunta #24

Watoto wanangu mmetaja rumeti, mpenzi, mdukuzi, mimi na fotokopi yangu. Hamjataja nyumbani.

Nimeona binti kaja kuchapisha barua ya kulalamika. Anaomba mkopo wa kuanzia maisha, anaambiwa tayari anadaiwa. Deni limechukuliwa mwezi uleule alipopata kitambulisho. Aliyekichukua kitambulisho ofisini kwa niaba yake ni mjomba, ndiye aliyekuwa anamsomesha. Nilimchapia barua mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa na jina la mjomba, akarudi kuomba nilitoe. Hapo mnamshauri nini? Akaripoti, na ada inalipwa na huyo huyo?

Mwizi wa mbali unamchukia kwa raha. Huyu unakula naye.

---

Wakili wa Kijiweni #25

Hapo hata mimi kijiwe kinanishinda mama. Kisheria ni kosa lile lile. Ila ushauri wa vitendo: aandike kwa mkopeshaji kupinga deni, aombe nakala ya mkataba na saini, bila kumtaja mtu. Mkopeshaji ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwamba aliyesaini ni yeye.

---

Mzee wa Rejista #26

Niongeze kwa Wakili. Kwa nini mwanachuo ndiye windo zuri? Kwa sababu jina lake ni safi na halimuumizi leo. Hana deni, haombi mkopo wa nyumba, hakagui. Anayeiba ana miaka mitatu minne ya kutamba kabla mwenye jina hajakwenda kuomba kazi. Kwa hiyo dawa kubwa ni kukagua. Ripoti ya mikopo iombe hata kama hujawahi kukopa, hasa kama hujawahi kukopa. Inatakiwa iwe tupu.

Marekani baada ya Equifax, kampuni inayotunza taarifa za mikopo ya watu, kuvuja 2017, taarifa za watu wapatao milioni 147, sheria ya 2018 iliwafanya wote waweze kufunga ripoti zao bure, na anayetaka kufungua mkopo kwa jina lako anagonga mwamba. Kusipokuwa na kufuli hilo inabidi jicho lako liwe kufuli.

---

Dogo Mwaka wa Kwanza #27

Jamani mimi bado mnanijibu?

---

Kalamu Nyeusi #28

Pole dogo, tumekusahau kwa ubishi.

Picha ya uso na kitambulisho ni kile kile wanachoomba wakopeshaji wa mtandaoni na benki za simu kufungua akaunti. Hatari yako ni akaunti, mikopo au laini kwa jina lako. Picha hairudi, usipoteze nguvu kuwabembeleza waifute. Fanya haya leo: hifadhi fomu, kiungo na namba ya aliyetuma kwa picha za skrini. Nenda polisi uandikishe, upate namba ya taarifa na tarehe. Ndiyo "ulitoa taarifa lini" ya Wakili. Mjulishe mtoa huduma wa simu na benki yako. Mitandao mingi ya simu ina namba fupi ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga hiyo. Kama kwenye fomu uliandika nywila yoyote, ibadilishe, ukianza na barua pepe. Na uwaambie wenzako wa kundi, maana hukujaza peke yako.

---

Njiwa Manga #29

Na dogo, wakikupigia wakisema "tumeona picha zako zimevuja, tukusaidie kuzifuta, tutajie namba iliyoingia kwenye simu", ni wale wale. Aliyeliwa mara moja jina lake linauzwa.

---

Tumbiri #30

Swali la kizushi: kwa nini tusitumie vidole kila mahali tukamaliza habari ya nywila?

---

Seva Imelala #31

Kwa sababu nywila ikivuja unaibadilisha, kidole utakibadilisha na nini? 2014 jamaa wa Chaos Computer Club, chama cha wadukuzi cha Ujerumani, Jan Krissler, alitengeneza alama ya kidole ya Ursula von der Leyen, wakati huo waziri wa ulinzi, kutokana na picha zilizopigwa mkutanoni. Hakumgusa.

---

Tumbiri #32

Basi mahafali tutapiga picha mikono mifukoni kama tuna madeni.

---

Laini Moja #33

Tumbiri, wewe unayo.

---

Dogo Mwaka wa Kwanza #34

Wakubwa nimerudi. Polisi nimekwenda, namba ya taarifa ninayo. Benki wamesema hakuna kitu. Ila kwenye kukagua laini nimekuta tatu. Mbili zangu. Ya tatu siijui hata kuiona.

---

Kalamu Nyeusi #35

Hao hao wa ufadhili. Wamefanya haraka.

---

Kitasa Kibovu #36

Tusikimbilie. Dogo, ilisajiliwa lini? Kaulize dukani kwa mtoa huduma, wanaona tarehe.

---

Dogo Mwaka wa Kwanza #37

Nimeuliza. Wameniambia mwaka jana, kabla sijaingia chuo. Fomu ya ufadhili nimejaza mwezi huu.

---

Njiwa Manga #38

Mwaka jana ndiyo majina ya waliochaguliwa yalitoka. Nawaambia orodha!

---

Kitasa Kibovu #39

Orodha haina alama ya kidole wala picha, dada. Mwaka jana shuleni ulilala bweni na nani?

---

Laini Moja #40

Au wakala aliyekusajilia laini yako halali alikuambia "weka kidole tena, haijashika"? Wapo wanaosajili mbili kwa mteja mmoja na kuuza ya pili. Mimi liliwahi kunikuta, nikaijua baadaye sana.

---

Bi Mkubwa wa Kaunta #41

Mwanangu, kitambulisho chako kilipotoka alikwenda kukichukua nani?

---

Dogo Mwaka wa Kwanza #42

Nilikwenda na kaka yangu. Na ndiye aliyenipeleka kwa wakala kusajili laini. Wakala ni rafiki yake.

---

Tumbiri #43

Aisee.

---

Wakili wa Kijiweni #44

Dogo, usijibu zaidi hapa hadharani. Usimpigie kaka wala huyo wakala kabla hujaandika barua ya kuikana laini hiyo kwa mtoa huduma. Iwe na tarehe, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Omba pia wakupe kwa maandishi lini ilisajiliwa na kwa wakala gani. Kisha rudi polisi na namba yako ya taarifa, waiongeze laini hiyo kwenye jalada, kwa sababu uliyoandikisha ni ya fomu, na hii ni nyingine.

---

Mzee wa Rejista #45

Na hiyo nakala usiende kuiprinti na kuiacha juu ya mashine. Bi Mkubwa, upo wazi mpaka saa ngapi?